Sifuri katika daftari la samaki

"Ziwa limeisha samaki." Neno hilo limefika Punia pamoja na jamaa zilizokimbia vita kutoka Fizi, Uvira na Kalehe. Linasemwa sokoni siku bei ya ndakala inapopanda, na linasemwa na wakubwa wanapoeleza kwa nini uvuvi unafungwa. Wanaolisema hawadanganyi. Lakini nyuma ya neno hilo kuna daftari, na mtu aliyeishi kwa mtumbwi kabla ya kukimbia ana haki ya kuuliza: daftari hilo liliandikwa na nani, usiku upi, na zile siku ambazo yeye hakwenda kuvua ziliandikwa namna gani?

Swali hili si la watu wa kando ya ziwa peke yao. Maji ya Tanganyika yanatoka Kalemie kwa mto Lukuga, yanaingia Lualaba, yanapita Kongolo na kufika Kindu. Ndakala waliokaushwa wanakuja kwa njia ngumu zaidi, ndani ya magunia, kwa gari moshi likiwepo, kisha juu ya pikipiki kwenye matope. Mama mwenye pesa kidogo ambaye hawezi kununua nyama ananunua kikombe cha ndakala, anawatia ndani ya sombe, na watoto wanakula. Kama mwaka ujao ndakala watakuwa wachache, Punia itajua, hata kama hakuna mtu wa Punia aliyewahi kuona ziwa hilo kwa macho.

Namna ya kujua mapema ndiyo kazi ngumu. Hakuna anayeweza kushuka majini na kuhesabu samaki mmoja mmoja. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, ingawa samaki wanaishi sehemu ya juu tu, kwa sababu chini zaidi maji hayana hewa ya kupumua. Kuna vyombo vinavyotuma sauti ndani ya maji na kusikiliza inavyorudi, kisha vinakadiria ukubwa wa makundi ya samaki. Vilitumika ziwani miaka ya 1970, na tena miaka ya 1990 juu ya meli ya utafiti iliyoitwa Tanganyika Explorer. Kazi hiyo inataka meli, mafuta, mafundi na amani. Mara nyingi hivyo vyote havipatikani pamoja. Kwa hiyo wataalamu wanarudia kitu kilicho rahisi zaidi: maandishi ya wale wanaovua kwa biashara.

Upande wa kaskazini maandishi hayo yalianza kuwa mazuri tangu miaka ya 1950, pale wavuvi Wagiriki waliokuwa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, walipoleta uvuvi wa meli. Kundi moja lilikuwa na meli kubwa ya chuma, wavu mrefu wa kuzungushia, mashua ndogo kadhaa za kubeba taa, na wanaume 30 au zaidi. Mashua zilikuwa zinatangulia gizani na kuwasha taa. Ndakala walifuata mwanga, na nyuma yao walikuja mikeke wanaowala. Wavu ulipokwisha kuzungushwa, ulifungwa chini na kuvutwa. Mwezi ulipojaa taa ilikosa nguvu, basi watu walipumzika usiku kadhaa wakashona nyavu. Kwa kuwa meli zilikuwa chache na zilirudi bandari ileile, ilikuwa rahisi kuandika: meli fulani, usiku fulani, kilo fulani.

Mitumbwi ya watu wa kawaida haikuandikwa hivyo. Ilikuwa maelfu, imetawanyika kwenye mamia ya vijiji vya nchi 4. Pale mwandikaji wa serikali anasimama kwenye ufuko mmoja kwa siku chache za mwezi, anapima mitumbwi michache, kisha hesabu inazidishwa kwa idadi ya mitumbwi yote. Mara moja kwa miaka mingi watu wanazunguka ziwa lote kuhesabu wavuvi na vyombo. Hesabu ya mwaka 1995 ilipata wavuvi karibu 45,000. Ile ya 2011 ilipata zaidi ya 90,000. Samaki waliovuliwa ziwa zima katika miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa kati ya tani 165,000 na 200,000 kwa mwaka. Namba hiyo inaonekana kubwa na yenye uhakika, lakini sehemu yake kubwa ilijengwa juu ya mitumbwi michache iliyopimwa asubuhi chache.

Sasa, kutoka kwenye maandishi hayo, mtu anatabiri vipi? Msingi wake mvuvi yeyote anaujua. Chukua mfano wa mtumbwi unaokwenda usiku 20 katika mwezi mmoja na kuleta kilo 2,000. Hiyo ni kilo 100 kwa usiku. Mwaka unaofuata mtumbwi uleule, kwa taa zilezile na wavu uleule, unakwenda usiku 20 na kuleta kilo 1,600. Sasa ni kilo 80 kwa usiku. Hapo kuna sababu ya kuogopa. Mtaalamu anakusanya wastani wa namna hii kwa miaka mingi, anauweka kando ya idadi ya vyombo vilivyovua, na anatafuta pale ambapo kuongeza vyombo hakuongezi tena samaki. Akishapaona, anaweza kusema mwaka ujao kiasi gani kinaweza kuvuliwa bila kuharibu mbegu.

Lakini mtumbwi huohuo unaweza kwenda usiku 10 tu kwa sababu wenye silaha wako barabarani, na kuleta kilo 1,000. Anayetazama jumla ya mwezi ataona samaki wamepungua nusu. Anayegawa kwa usiku ataona kilo 100, kama zamani. Ziwa halijabadilika, kilichobadilika ni watu kulala ndani, au porini. Tofauti hii ndogo ya kugawa ndiyo inaamua kama jamaa iliyokimbia itaambiwa kwamba ziwa lake limekufa au kwamba amani imekufa.

Na jambo hili lilitokea kweli. Uvuvi wa meli upande wa Burundi ulishuka sana kuelekea miaka ya 1990 mpaka ukakaribia kwisha. Meli nyingine zilihamia kusini, Mpulungu nchini Zambia, ambako mikeke walikuwa wengi. Mwaka 1993 vita vikaanza Burundi, na upande wa Kongo vikafuata mwaka 1996. Kuna nyakati ambapo kuvua usiku kulikatazwa kwa sababu ya usalama, na ndakala ni samaki wa usiku. Mtu anayefungua daftari la miaka hiyo baadaye, akiwa mbali, anaona mstari unaoshuka tu. Mstari hausikii bunduki.

Mwaka 2003 mtafiti Catherine O'Reilly na wenzake walitoa katika jarida la Nature maelezo mengine ya mambo yanayolipata ziwa. Walisema maji ya juu yamepata joto, upepo umepungua, na kwa hiyo chakula kilichoko chini hakipandi juu vizuri kama zamani. Walikadiria kwamba uwezo wa ziwa kuzalisha ule umea mdogo unaolisha viumbe vyote umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hilo linaweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Habari ikatembea dunia nzima: ziwa linapata joto, samaki wanaisha.

Mwaka 2006 watafiti waliofanya kazi ziwani katika mradi wa Finland na FAO, wakiongozwa na Jouko Sarvala, walijibu. Hawakukataa joto. Walikataa matumizi ya daftari. Walisema kushuka kwa samaki wa meli za kaskazini hakuwezi kuchukuliwa kama ushahidi wa hali ya hewa bila kwanza kuangalia jinsi uvuvi wenyewe ulivyobadilika: meli kuondoka, zana kubadilika, biashara kuanguka, usalama kukosekana. Kwa lugha ya ufukoni walikuwa wanasema: usihesabu mtumbwi uliolala nyumbani kama mtumbwi uliorudi mtupu.

Kisha mwaka 2016 Andrew Cohen wa chuo kikuu cha Arizona na wenzake walileta daftari la aina nyingine kabisa. Walitoboa matope ya chini ya ziwa na kutoa tabaka zake, zile za zamani chini na za karibuni juu, wakahesabu mabaki madogo ya samaki na ya konokono wa maji yaliyozikwa humo. Matope hayaogopi kodi wala vita. Yalionyesha kwamba kupungua kulianza pamoja na joto, kabla uvuvi mkubwa wa katikati ya karne ya 20 haujaanza. Basi O'Reilly alikuwa na hoja kuhusu joto, na Sarvala alikuwa na hoja kuhusu daftari. Mambo hayo mawili hayapingani, ingawa wanaopenda jibu fupi hawafurahii kuyasikia pamoja.

Ndakala mwenyewe anaongeza ugumu. Ni samaki mdogo anayeishi mwaka mmoja hivi, si zaidi sana. Karibu wote wanaovuliwa mwaka huu hawakuwapo mwaka juzi. Kwa samaki anayeishi miaka 10, daftari la mwaka jana linasema kitu juu ya mwaka ujao, maana wakubwa wa jana ndio wazazi wa kesho. Kwa ndakala, la muhimu zaidi ni upepo wa kusini wa kuanzia Mei hadi Septemba, unaosukuma maji ya juu na kupandisha chakula kutoka chini. Upepo ukiwa mzuri, mbegu kidogo inaweza kujaza ziwa. Upepo ukikosekana, hata mbegu nyingi inakosa chakula. Wazee wa Fizi waliokuwa wanatazama upepo kabla ya kukopa pesa za nyavu mpya hawakuwa wanafanya ushirikina.

Na hapa inafaa kusema juu ya sambaza, kwa ajili ya waliotoka upande wa Kivu. Sambaza si wenyeji wa Kivu. Ni ndugu ya ndakala, yule ambaye watu wa Tanganyika wanamwita lumbu, na mbegu yake ilichukuliwa Tanganyika na kupelekwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Alikuta maji mageni, akazoea, akazaa, na leo soko la Goma na la Bukavu haliwezi kumkosa. Kwa samaki huyo hakukuwa na daftari lolote la zamani la kutabiria, na waliompeleka hawakuwa na hakika ya lile walilolitazamia.

Daftari linaweza kudanganya upande mwingine pia, na huko ndiko hatari inakuwa kubwa zaidi. Taa za mafuta za zamani zimeachia nafasi taa za betri, zenye nguvu na za bei ndogo. Mtumbwi uliokuwa na taa 2 una taa nyingi. Kilo kwa usiku zinabaki zilezile, mwandikaji anaandika "hali nzuri", kumbe mwanga unakusanya samaki kutoka mbali zaidi. Ndakala wanatembea kwa makundi. Kundi la mwisho likiingia chini ya taa, wavu unajaa sawasawa na zamani.

Watu wa Newfoundland, huko Kanada, walilipa kwa ajili ya kosa hilo. Walikuwa na meli kubwa, hesabu nzuri, ofisi zenye wataalamu. Meli za biashara ziliendelea kupata chewa wengi kwa kila saa ya kuvua, kwa sababu zilikuwa na vyombo vya kuwatafuta na chewa waliobaki walijikusanya pamoja. Makadirio yalitegemea sana meli hizo, yakawa makubwa kuliko ukweli. Wavuvi wadogo wa pwani walilalamika kwamba samaki wanapungua na wanakuwa wadogo, lakini maneno yao hayakuwa na safu katika karatasi. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ilifunga uvuvi huo. Watu 30,000 hivi walikosa kazi, na amri hiyo ilikaa miaka 32, hadi 2024. Chewa huyo, akishatiwa chumvi na kukaushwa, ndiye makayabo ya asili, yale yaliyokuja Kongo kutoka nchi za baridi.

Tukio hilo linafaa kukumbukwa kila serikali za kando ya Tanganyika zinapotangaza kufunga. Nchi 4 zenye ziwa, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zina mamlaka ya pamoja yenye makao Bujumbura, iliyotokana na mkataba uliotiwa sahihi Dar es Salaam mwaka 2003. Zimekubaliana kulipumzisha ziwa miezi 3 kwa mwaka. Tanzania kwa mfano ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kufunga kuna maana: samaki wachanga wanapata nafasi. Lakini kwa jamaa iliyopoteza nyumba, nyavu na mashine ya mtumbwi, iliyorudi Mei ikiwa na deni, miezi 3 ni muda mrefu wa kukaa bila chakula. Wale ambao siku zote walivua kwa chandarua karibu na ufuko, ambapo wadogo wanakua, hawakuwahi kuandikwa, na watavua hata ziwa likifungwa, wakijificha. Kwa hiyo daftari litaonyesha miezi 3 ya utulivu.

Kuna jambo lingine ambalo ofisini halisemwi kwa sauti. Mvuvi anayejua kwamba kila kilo iliyoandikwa inaweza kudaiwa kitu, na kila kizuizi, na kila mtu mwenye kofia, anataja kilo chache. Si mwizi. Ana watoto. Lakini kilo alizozificha leo zinamrudia kesho, maana hesabu itasema ufuko wake unatoa samaki kidogo, na hakuna atakayejenga barabara wala chumba cha baridi kwa ajili ya samaki kidogo. Kama serikali inataka daftari la kweli, itenge kazi ya kuhesabu na kazi ya kutoza. Mkono mmoja hauwezi kushika kalamu na kikapu cha kodi na bado ukaambiwa ukweli.

Na kwa wale watakaorudi, ombi moja ni dogo na halina gharama. Mwandikaji akija na kuuliza, wasimwambie kilo peke yake. Wamwambie pia usiku wangapi walitoka, usiku wangapi walikaa, na walikaa kwa nini. Nafasi tupu na sifuri si kitu kimoja. Sifuri inasema: mtu alikwenda, aliwasha taa, alivuta wavu, hakupata. Nafasi tupu inasema tu kwamba hakuna aliyeandika. Vijiji vingi vya Fizi na Uvira vina miaka mizima ya nafasi tupu, na mtu wa haraka akizijaza kwa sifuri, miaka ya kukimbia itageuka kuwa miaka ya ziwa kukosa samaki. Watu waliokuwa wanalala Kindu na Punia watakuwa wametoa ushahidi dhidi ya ziwa lao bila kufungua kinywa.

Huku Punia hakuna meli za kuandikwa. Lowa na Ulindi ni mito ya mitego, ndoano na nyavu fupi, na samaki wake wengi wanaliwa kabla ya kufika sokoni. Akitafutwa mtu mwenye maandishi ya biashara ya samaki, atapatikana kwenye meza za soko. Kuna mama mmoja aliyekuja kutoka kando ya ziwa na watoto wake, anauza ndakala kwa kikombe. Ana daftari la shule lililofungwa kwa uzi. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili ni magunia yaliyomfikia, ya tatu ni bei aliyonunulia. Siku mzigo usipofika hakuandika sifuri. Aliandika neno: mvua, njia, askari, pesa hakuna. Mara mbili tu kwa mwaka mzima ameandika samaki hawapo, na mara zote mbili aliuliza kwanza wenye pikipiki waliotoka Kindu, nao walikuwa wameuliza wale waliotoka mbali zaidi.

Tangu masika yaliyopita ameongeza safu ya nne, ya samaki wa Lowa waliobanikwa, kwa sababu kijana mmoja anamletea kila juma. Anaandika idadi, anaandika urefu kwa kupima na kiganja chake, na pembeni anaandika mitego mingapi kijana alitega.